Nondo mwenye alama ya fuvu ndani ya mzinga

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga nyuki huku Sikonge, Tabora. Juzi usiku nilikuta nondo mkubwa mlangoni mwa mzinga, mgongoni ana picha ya fuvu la mtu. Nilipomshika akalia kama panya. Jirani anasema katumwa, mwingine anasema ndiye nondo wa nta. Nimfanyeje?

JIBU: Marahaba. Hakutumwa na mtu, kafuata asali. Kitaalamu anaitwa Acherontia atropos, na Afrika ndiko kwao.

Ukimpata tena, mkague kwa tochi. Akitandaza mabawa, ncha hadi ncha hufika sentimita 9 hadi 13. Mabawa ya mbele ni kahawia iliyokolea yenye mawimbimawimbi, hivyo mchana akitulia kwenye gome la mti unaweza kumpita usimwone. Ya nyuma ni ya manjano yenye mistari miwili myeusi. Tumbo lina pete nyeusi na manjano, na katikati unashuka mstari wa kijivu cha buluu. Hilo fuvu ni vijigamba vya rangi hafifu juu ya kifua. Ukivigusa vinabaki kidoleni kama unga.

Ile sauti anaitoa kwa kufyonza hewa kooni na kuisukuma nje kupitia mrija wake, ambao ni mfupi na mgumu. Kwa mrija huohuo hutoboa vifuniko vya masega na kunyonya. Nyuki hawamshtukii upesi kwa kuwa ngozi yake ina mafuta yanayofanana na ya kwao. Wakimshtukia, wanamuuma.

Nondo wa nta ni mwingine kabisa: mdogo, wa kijivu, mabawa yake yote sentimita 3 hivi. Akishakuwa nondo hali chochote. Viwavi wake ndio wanaotafuna masega na kuacha utando. Huyo ndiye wa kukunyima usingizi.

Huyu wa fuvu, punguza tu kimo cha mlango wa mzinga hadi milimita 8. Nyuki wanapita, yeye kwa unene wake hapiti. Viwavi wake watafute kwenye tumbaku, nyanya, viazi mviringo au ufuta: wanene, wenye mistari ya mshazari ubavuni na kipembe kilichopinda mkiani. Waokote kwa mkono. Ukipuliza dawa ufuta ukiwa umechanua, watakaotangulia kufa ni nyuki wako.