Kutoka 5.1 kwenda stereo, risiva usiiuze kwanza
Mkuu, kama una 5.1 (spika tano na sabufa, ile spika ya besi) na umehamia chumba kidogo, spika za nyuma hazina pa kukaa, basi stereo, yaani spika mbili za mbele, inatosha kabisa, ila risiva, ile mashine inayoendesha spika, baki nayo. Ingia kwenye setingi zake, senta (spika ya katikati) weka hamna, za nyuma weka hamna, hapo maongezi ya muvi yatahamia spika mbili za mbele, maana ukichomoa waya tu bila kuiambia risiva utaona midomo inacheza na sauti husikii. Sabufa usiitoe kama za mbele ni ndogo, ikate kwenye 80 Hz hivi, yaani besi ya chini ya hapo iende kwake. Spika mbili za mbele zitoe kwenye kona, ziachane sawa na umbali wa unapokaa, zikuelekee kidogo. Senta na za nyuma uza pamoja, senta peke yake kuipatia mteja ni kazi kweli.