Marafiki 3,200, oda mbili

SWALI: Dada, ninashona magauni na suti za kike. Kwenye akaunti yangu ya Facebook nina marafiki 3,200, na huko ndiko ninakoweka picha za kazi zangu tangu mwaka jana. "Hongera fundi" ninazipata tele, lakini mwezi uliopita nimepata oda mbili tu, na moja ni ya wifi yangu ambaye mpaka leo hajalipa. Wifi huyohuyo analalamika kwamba akaunti yangu nimeigeuza duka. Mume wangu anashauri nifungue ukurasa wa biashara, ila huko nitaanza na sifuri. Nibaki au nihame?
Fundi wa Magauni

JIBU: Mdogo wangu, usihame. Ila acha kupokea oda sebuleni.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa mpiga picha wa harusi, na akaunti yangu binafsi ndiyo iliyonilisha miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo mimi si wa kukwambia biashara na maisha visikutane. Mtu anayekupa kitambaa chake ukikate anataka kujua anamwachia nani. Sura yako inamjibu, nembo haiwezi.

Lakini hebu tuwatazame hao 3,200. Uliosoma nao, ndugu, mafundi wenzako, watu usiokumbuka mlikutana wapi. Facebook yenyewe inakomea marafiki 5,000. Tena angalia alama ndogo iliyo chini ya jina lako kwenye kila posti: kama umechagua marafiki tu, rafiki akimtumia shoga yake, shoga haoni kitu. Picha za magauni zifungulie watu wote, za watoto wako zibaki za marafiki.

Halafu hizo hongera. Ukiweka gauni na maneno "kazi ya leo", mtu aseme nini zaidi ya hongera? Mwambie ni kitambaa gani, kimechukua siku ngapi, mwezi huu una nafasi za watu wangapi, na anayetaka aanzie wapi. Siku moja niliandika tu kwamba zimenibaki Jumamosi mbili. Kabla ya magharibi watu watatu walikuwa wameniuliza, na wawili kati yao walikuwa wakinipongeza mwaka mzima!

Ukurasa fungua, na sifuri isikutishe. Kazi yake ni kumpokea mtu asiyekujua, aone magauni bila kupitia kwanza tanzia ya mjomba wako. Kazi yake nyingine niliijua kwa aibu. Msimu mmoja nilizidiwa, nikampa msaidizi wangu nywila ya akaunti yangu binafsi ajibu wateja. Alijibu vizuri sana. Mama yangu alipoandika kuuliza kama nimepona mafua, naye akajibiwa: "Karibu mteja wetu, tafadhali tuma kianzio ndipo tuendelee." Mama akanipigia kuuliza kianzio cha nini. Kwenye ukurasa, msaidizi anaingia kwa akaunti yake mwenyewe, na siku mkiachana unamwondoa. Inboksi yako haigusi.

Usije tu ukafungua akaunti binafsi ya pili kwa jina la biashara. Facebook inataka kila mtu awe na akaunti moja, kwa jina analolitumia. Ukikiuka inaweza kufungwa, na picha zako zote zikaenda nayo.

Oda zenyewe zipeleke WhatsApp Business. Ipo tangu 2018, ni bure, na inakaa simu moja na ile ya kawaida mradi namba ziwe mbili. Panga magauni kwenye katalogi, na kila mteja mwekee lebo: huyu kalipa, huyu anasubiri kupimwa. Ukitaka kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, orodha inachukua watu 256, na unawafikia tu waliohifadhi namba yako. Kwa hiyo unapomaliza kumpima mteja, kabla hujakunja futi, mwombe aihifadhi palepale.

Sasa wifi. Kwenye malalamiko ana haki kidogo: kama kati ya posti kumi tisa ni magauni, hata mimi ningekupita. Kwenye deni hana haki, ingawa nawe umechangia. Aliagiza kwenye inboksi mnakosalimiana, basi akalipa kwa salamu. Oda ijayo mwelekeze kwenye namba ya biashara, asome ujumbe uleule wa kukaribisha wanaousoma wote: nusu kabla ya kukata kitambaa, salio siku ya kuchukua. Usimwongezee neno.

Gauni kama bado liko kwako, lisitoke. Kama ameshalichukua, mwombe angalau picha akiwa amelivaa, na hiyo uiweke ya watu wote.