Saundiba imeziba jicho la TV

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimenunua saundiba, ile spika ndefu ya TV, nikaiweka mezani mbele ya TV. Tangu siku hiyo rimoti ya TV haishiki mpaka nisimame na kuinua mkono juu. Betri nimebadilisha mara mbili. TV imeharibika?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. TV yako ni nzima. Rimoti nyingi hutuma mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na mwanga huo ukikuta spika mbele yake unaishia hapo. Jicho la kuupokea mara nyingi liko ukingo wa chini wa TV, karibu na kile kitaa chekundu. Ukisimama, mwanga unapita juu ya spika. Ndiyo maana inashika.

Kwangu Tanga nilihangaika wiki nzima kabla ya kuchukua rula: chini ya TV kulikuwa na sentimita 5, spika ina 7. Seremala alinikatia ubao wa mninga wenye unene wa sentimita 3, mpana wa kubeba miguu yote miwili, TV ikapanda. Usiinulie vitabu, tafadhali, maana una watoto na TV itawaangukia.

Kama meza ina rafu ya chini iliyo wazi mbele, shusha spika huko. Na ukiunganisha kwa waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, kwa kawaida rimoti ya TV itaongeza na kupunguza sauti ya spika pia. Huenda ukahitaji kuwasha CEC, yaani kipengele kinachowezesha rimoti moja kuongoza vifaa vilivyounganishwa kwa HDMI, kwenye mipangilio ya TV.