Minyoo ya Paka Inayorudi Kila Baada ya Wiki Chache

Doa ndiye paka msafi kuliko wote niliowahi kufuga. Hujilamba asubuhi, hujilamba mchana, na usiku nasikia ulimi wake ukikwaruza manyoya gizani. Sikuwahi kuona kiroboto mwilini mwake. Kwa hiyo nilipoanza kuona vipande vyeupe chini ya mkia wake, vidogo kama punje za mchele, vingine vikijinyoosha na kujikunja, viroboto hawakunijia akilini hata kidogo. Nilienda kununua dawa ya minyoo.

Nikampa, vipande vikapotea siku kadhaa, nikashukuru. Kisha nikavikuta juu ya shuka, safari hii vimekauka, vya manjano na vigumu kama ufuta. Nikampa tena. Vikapotea, vikarudi. Hali hiyo ilikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Niliamini dawa ni bandia, nikabadilisha duka, na siku moja nikaongeza hata dozi kwa kukisia, jambo ambalo leo nisingethubutu kulifanya wala nisingemruhusu mtu yeyote alifanye.

Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo, hakuanza na minyoo. Alichukua kichana chenye meno yaliyobanana sana, akamchana Doa mgongoni karibu na mkia, kisha akakung'uta kichana juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Vikaanguka vipunje vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Baada ya muda mfupi kila kipunje kikazungukwa na rangi nyekundu ya kutu. Hicho ni kinyesi cha kiroboto, na kinyesi cha kiroboto ni damu iliyokauka. Paka wangu msafi alikuwa na viroboto siku zote. Sikuwaona kwa sababu alikuwa akiwalamba na kuwameza.

Hapo ndipo fumbo zima lilipofumbuka. Vile vipande vya mchele ni sehemu za tegu, mnyoo mrefu bapa anayejishikiza kwenye utumbo wa paka na kukatika pingili moja moja. Kila pingili imebeba mayai. Mayai yakidondoka sakafuni au kwenye matandiko, huliwa na mabuu wa viroboto. Buu anakua, anakuwa kiroboto, na ndani yake tegu mchanga anasubiri. Paka anajilamba, anammeza kiroboto, na baada ya wiki mbili au tatu tegu amekomaa na ameanza kuangusha pingili zake. Kwa kawaida tegu wa aina hii hapati njia ya kuingia kwa paka bila kiroboto. Paka hampati kwa kulamba kinyesi cha mwenzake wala kwa kugusana naye.

Nilikuwa na kosa la pili chini ya la kwanza, na naona watu wengi wanalo. Dawa niliyokuwa nikimpa miezi ya mwanzo ilikuwa ya pirantel. Ni dawa nzuri kwa minyoo ya mviringo, ile inayofanana na tambi, na kwa safura, lakini tegu haimdhuru kabisa. Vipande vilipopotea nilidhani ni kazi ya dawa, kumbe tegu haangushi pingili kila siku. Dawa inayomuua tegu ni prazikwanteli. Kwa hiyo usiishie kusoma maneno makubwa “dawa ya minyoo” kwenye pakiti. Geuza, tafuta jina la kiambato kilichomo, na uhakikishe kinalingana na mnyoo uliyemwona. Hata hivyo prazikwanteli haiachi kinga yoyote mwilini. Inaua tegu aliyepo leo, na paka akimeza kiroboto mwingine kesho, hesabu inaanza upya. Nilipopata dawa sahihi hatimaye, vipande vilirudi tena baada ya wiki tatu na siku chache. Dawa ilifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyekuwa bado sijagusa viroboto.

Kuhusu viroboto, jambo lililobadilisha kila kitu kwangu ni kufahamu kwamba wale wanaoonekana kwenye manyoya ni sehemu ndogo sana ya kundi lote, kama watano katika kila mia. Waliobaki wako nyumbani: mayai, mabuu na pupa, yaani buu aliyejifungia akigeuka kiroboto. Jike akishaonja damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na anaweza kufikisha mayai arobaini au hamsini kwa siku. Mayai hayo hayashikani na manyoya. Yanateleza na kudondoka popote paka anapopita, na mengi zaidi pale anapolala. Mabuu wanaotoka humo wanachukia mwanga, hujichimbia kwenye nyufa za sakafu, chini ya mito ya makochi na ndani ya zulia, wakila kile kile kinyesi cheusi kinachodondoka pamoja na mayai. Halafu kila buu anajifungia ndani ya kifukofuko chenye kunata kinachojipaka vumbi, hata ukikikazia macho hukioni.

Kifukofuko hicho ndicho kinachowakatisha watu tamaa. Dawa za kupuliza hazikipenyi vizuri. Kiroboto aliyemo ndani anaweza kukaa kimya kwa miezi, asile chochote, akisubiri dalili kwamba kuna mnyama karibu: joto, mtikisiko wa hatua, pumzi. Niliwahi kusafiri na paka wakahamia kwa dada yangu, nyumba ikafungwa wiki mbili. Niliporudi na kufungua mlango, sikuwa nimepiga hatua kumi kabla miguu haijaanza kuwasha. Niliinama nikaona vitone vyeusi vikiruka kwenye soksi. Nyumba ilikuwa tupu na safi nilipoondoka. Walikuwa wamengoja, na hatua zangu ndizo zilizowaamsha.

Kwa sababu hiyo ukianza matibabu, jiandae kuona viroboto wakiongezeka katika wiki mbili tatu za mwanzo. Mimi nilikaribia kuacha. Nilikuwa nimewatibu paka wote, nimefua, nimefagia, na bado kila jioni namkuta kiroboto mpya mgongoni kwa Shaba, paka wangu mwingine. Daktari alinieleza kwamba hao ni wa vifukofuko vya zamani wanaoanguliwa, wanamrukia paka mwenye dawa na kufa kabla ya kuongeza kizazi. Ukikatiza dawa wakati huo, umewapa nafasi ya kutaga tena.

Nilichofanya mwishowe ni hiki. Paka wote watatu walipata dawa ya viroboto siku moja, hata Doa aliyeonekana hana, na siku hiyo hiyo wakapata prazikwanteli. Kumtibu mmoja na kuwaacha wawili ni kuwaachia viroboto kitanda kingine. Nilitumia matone ya kupaka kwenye ngozi ya kisogo, pale ambapo ulimi haufiki. Unatenganisha manyoya mpaka uone ngozi, unamimina hapo, maana dawa ikibaki juu ya manyoya imepotea bure. Sikuwaogesha siku mbili kabla wala siku mbili baada. Niliandika tarehe kwenye kalenda na nikarudia kila mwezi kama maelekezo yalivyosema, bila kuruka, hata mwezi ambao sikuona kiroboto hata mmoja. Miezi mitatu ni kiasi cha chini kabisa. Kwangu ilichukua karibu mitano.

Sakafu nayo ilipewa zamu yake kila siku. Nilisogeza kitanda, nikainua mito ya kochi, nikafagia kwenye pembe na nyufa ambazo zamani nilikuwa nikizipita. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi ana bahati, kwa sababu mtikisiko wake unawaamsha waliomo kwenye vifukofuko wakatoka mapema, ila takataka zake zitolewe nje mara moja, zikiwa zimefungwa. Matandiko ya paka na shuka zangu nilizifua kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi sitini au zaidi. Nililikunja zulia nikaliondoa kabisa, na sikulirudisha. Ukiamua kupuliza dawa ya nyumbani, tafuta yenye kizuizi cha ukuaji wa mayai na mabuu, watoe paka nje ya chumba mpaka pakauke, na kama una samaki funika tangi lao na uzime pampu ya hewa.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma.

Kabla sijajua haya yote, muuzaji mmoja alinipa matone ya viroboto ya mbwa. Aliniambia paka ni mdogo, basi mpake nusu. Nilimpaka Doa. Baada ya saa chache masikio yake yalianza kucheza-cheza, kisha ngozi ya mgongoni, kisha mwili mzima ukawa unatetemeka na macho yamemtoka. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikamfunga taulo, nikakimbia naye kwa daktari. Alilazwa siku mbili. Alipona, lakini daktari alinieleza wazi kwamba wengi hawaponi.

Kilichokuwa kwenye matone yale kinaitwa permethrini. Mbwa anaivumilia. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, kwa hiyo inabaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Nusu ya dozi haimsaidii, wala robo. Hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa siku hiyo anaweza kudhurika. Kama pakiti ina picha ya mbwa peke yake, iache dukani. Vivyo hivyo na mafuta ya taa, dawa ya unga ya kuua wadudu wa mazao, mafuta ya mti chai (tea tree), na vitunguu saumu ambavyo watu hushauriana kuchanganya kwenye chakula. Paka atajilamba chochote utakachompaka, na vitunguu vinaharibu chembe zake nyekundu za damu. Dawa za minyoo za binadamu nazo zibaki kwa binadamu. Albendazoli, kwa mfano, imewahi kuharibu uboho wa paka.

Kwa vitoto vya paka, uangalizi unahitajika mara mbili zaidi. Nyota aliletwa kwangu akiwa na umri wa wiki tano hivi, tumbo limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika. Nilipomfunua mdomo, ufizi wake ulikuwa mweupe pale ambapo ungekuwa wa waridi. Viroboto walikuwa wamemnyonya damu kiasi hicho. Kitoto chenye ufizi mweupe kipelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kisisubiri kesho. Matone mengi hayaruhusiwi kabla ya wiki nane, basi nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nikamkausha haraka asipate baridi, na kumchana mara mbili kwa siku huku nikizamisha kichana kwenye maji ya sabuni ili viroboto wasitoroke. Tumbo lile lilikuwa la minyoo ya mviringo, ambayo vitoto huipata kwa kunyonya maziwa ya mama yao. Ndiyo sababu dawa yake huanza mapema, wiki ya tatu, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wameacha kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kila mara mpime uzito kwanza. Kitoto cha nusu kilo na cha kilo moja havipati kipimo kimoja.

Nyumba yenye watoto wadogo iwe makini na choo cha paka. Mayai ya minyoo ya mviringo yanapotoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji wiki mbili au zaidi kwenye mazingira ndipo yawe na nguvu hiyo. Ukikitoa kinyesi kila siku, umeyaondoa kabla ya wakati wake. Yakiachwa kwenye udongo au mchanga anaochezea mtoto yanaweza kudumu miaka, na yakimezwa, mabuu wake huzurura mwilini na wakati mwingine hufika jichoni. Kwa hiyo mchanga ufunikwe, na mikono ioshwe. Na tegu wa kiroboto naye anaweza kumpata mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya, ingawa hutokea mara chache.

Leo Doa ana zaidi ya mwaka bila kipande kimoja cheupe. Kila Jumamosi namchana juu ya karatasi iliyolowa, na karatasi inabaki nyeupe. Kwa Shaba hesabu ni nyingine. Yeye anawinda, na panya wana tegu wao wa aina tofauti, asiyemhitaji kiroboto hata kidogo. Pia wanabeba mabuu wa minyoo ya mviringo. Siwezi kumzuia asiwinde, kwa hiyo yeye anapata prazikwanteli na dawa ya minyoo ya mviringo kila baada ya miezi mitatu, viroboto wawepo wasiwepo. Napiga magoti nikimweka katikati ya mapaja yangu, akitazama mbele, nainua kichwa chake kidogo, natumbukiza kidonge nyuma kabisa ya ulimi, kisha namnywesha maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano ili kidonge kisikwame kooni. Namwachia akishajilamba pua, maana hapo najua amemeza.