Ukilinganisha rimoti za mwendo, tazama kidole gumba

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa vifaa vya kuelekezea hapa Kampala, swali lenu la kwanza huwa ni kifaa kipi kina kasi zaidi. Ni swali zuri, ila kwa rimoti za mwendo, zile za kupunga hewani ili kishale kisogee kwenye skrini, balaa haliko njiani. Liko kwenye kubonyeza.

Mweke mtu mbele ya projekta, umtazame kidole gumba. Kishale kimefika juu ya alama na kimetulia. Anabonyeza, kiganja kinatikisika kidogo tu, kishale kinaruka nje. Kipanya cha mezani kimelalia meza. Rimoti inabebwa na mkono peke yake. Kwa hiyo msiandike tu kapata au kakosa. Programu ihifadhi pia kishale kilikuwa wapi muda mfupi kabla ya kubonyeza. Hapo ndipo mtajua kama kifaa ni kibovu au kitufe chake ni kigumu tu.

Hesabu ya ugumu wa kulenga inatokana na kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, kwa umbo lililorekebishwa baadaye na MacKenzie. Umbali pikseli 480, upana wa alama 32: gawanya, ongeza 1, unapata 16, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 4, yaani ugumu wa biti 4. Akitumia sekunde 2, hiyo ni biti 2 kwa sekunde. Lakini upana wa kutumia ni ule unaotokana na mtawanyiko wa mibonyezo yenyewe, mchepuko wanda (standard deviation) mara 4.133, la sivyo mwenye pupa ataonekana bingwa.

Jueni pia kila kifaa kinavyofanya kazi. Rimoti ya Wii, ya mwaka 2006, huelekeza kwa kamera inayoona mwanga wa infraredi, kwa hiyo jua la alasiri kwenye dirisha lisilo na pazia huivuruga. Rimoti zenye jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, hazijali jua, ila kishale chake huweza kuhama polepole chenyewe.

Nusu ya watu waanze na kifaa kimoja, nusu na kingine, na wapumzike katikati. Maelekezo ya Kiswahili na ya Luganda yaandikwe mapema, yasibadilishwe.

Halafu kuna heshima. Ukimuuliza mtu wetu kama kifaa ni kizuri, atakwambia kizuri, maana wewe ndiye uliyemwalika. Muulize angechukua kipi akafundishie darasa kutwa nzima, kisha mwombe akuonyeshe mkono unamuuma wapi.