Maswali yenu: mji unaodanganya, na "kuna" isiyokuwapo

Mwezi jana niliomba mnisaidie kupanua makala za miji ya Kroatia kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Nyingi bado ni mbegu, sentensi mbili na ramani. Barua zimemiminika. Wanaouliza "nabonyeza wapi nianze kuhariri" nimewaruka. Pameandikwa Hariri, juu ya ukurasa, miaka yote.

*Nilitafsiri makala nzima ya Split kwa mashine, ikafutwa baada ya saa mbili. Mbona mnatukatisha tamaa? (Morogoro)*

Niliiwahi kabla haijafutwa. Sentensi ya kwanza: "Mgawanyiko ni mji mkubwa wa Dalmatia ambao unadanganya kwenye pwani ya Adria." Hata jina Split limetafsiriwa, na mji unadanganya! Kitenzi cha Kiingereza cha kukaa mahali, "lie", ndicho hichohicho cha kusema uongo. Mashine ikajichagulia, nawe hukusoma. Mstari wa tatu ukasema Split ni "kiti cha kaunti". Kiti gani, cha kukunja? Yale ni makao makuu ya mkoa.

Kinachoniuma zaidi ni utamu uliopotea humo. Kaisari Diocletian alijijengea kasri pale, akahamia humo baada ya kuachia madaraka mwaka 305. Kasri hilo si gofu. Watu wanaishi ndani ya kuta zake hadi leo, wana maduka, na kamba za nguo zimefungwa juu ya mawe ya Kirumi. Sentensi kumi za namna hiyo, ulizozitunga mwenyewe, zinaishinda tafsiri ya kurasa ishirini. Mashine itumie ukipenda, ila soma kwa sauti kabla ya kuchapisha. Sikio litakwambia.

*Naweza kuchukua picha ya mji Google nikaiweka kwenye makala? (wengi)*

Hapana. Picha ya kuonekana Google bado ina mwenyewe.

*Nimeandika kwamba Hum ndio mji mdogo kuliko yote duniani, una watu 17. Mhariri mwingine amebadilisha kuwa 30. Nani mkweli? (Tanga)*

Wote wawili, na wote mmekosea. 17 ni ya sensa ya 2001, 30 ni ya 2011. Hakuna aliyeandika mwaka, kwa hiyo mnapigana bure. Nimelisema hili mpaka koo limekauka: idadi ya watu bila mwaka wa sensa haina maana. Kroatia ilihesabu watu tena mwaka 2021, basi anza na hiyo.

Na hilo la "mdogo kuliko yote duniani" ni sifa inayopendwa na watalii. Kisheria Hum ni makazi yaliyo chini ya mji wa Buzet, huko Istria. Andika kwamba *unasifiwa* kuwa mdogo kuliko yote, na utaje unasifiwa na nani. Kisha wape wasomaji kitu cha kushika: kikanisa cha Mtakatifu Jerome, chenye michoro ya ukutani ya kale na maneno yaliyokwaruzwa juu yake kwa herufi za Kiglagoli, mwandiko wa kale wa Waslavi.

*Nafanya kazi ya kupeleka watalii. Kuna ubaya nikiweka kiungo cha hoteli tunayoshirikiana nayo Dubrovnik?*

Upo. Kitaondolewa, na jina lako litakumbukwa.

*Mwanasayansi alizaliwa Fiume mwaka 1905. Niandike "alizaliwa Rijeka, Kroatia"? (Nairobi)*

Hili ndilo swali la maana wiki hii. Rijeka na Fiume ni mji mmoja, na majina yote mawili yana maana ya mto, moja kwa Kikroatia na lingine kwa Kiitalia. Mwaka 1905 ulikuwa bandari ya Hungaria ndani ya dola la Austria-Hungaria. Mwaka 1919 mshairi Gabriele D'Annunzio aliingia na wafuasi wake akauteka. Mkataba wa Rapallo wa 1920 ukaufanya dola huru, na mwaka 1924 Italia ikauchukua. Mkataba wa amani wa 1947 ukaupa Yugoslavia, na Kroatia ikajitangazia uhuru mwaka 1991. Kati ya vita kuu mbili, mto Rječina ulikuwa mpaka: ng'ambo ya daraja, Sušak, ulikuwa Yugoslavia tayari.

Bibi aliyezaliwa humo mwaka 1905 na kufika uzeeni angeweza kubadilisha nchi mara kadhaa bila kuhama nyumba. Kwa hiyo andika: "alizaliwa Fiume, Austria-Hungaria (leo Rijeka, Kroatia)". Jina la wakati ule, kisha la leo. Na usiingie kwenye ugomvi wa Waitalia na Wakroatia kuhusu nani ni mwenye mji. Wana ukurasa wa majadiliano, waachie.

*Nikiandika Poreč bila kile kialama juu ya c kuna tatizo?*

Lipo. Bila kialama si *ch* tena. Kichwa cha makala kiwe Poreč, kisha tengeneza ukurasa wa kuelekeza uitwao Porec kwa wenye kibodi kama yako.

*Makala ya Zadar inasema "fedha yake ni kuna". Kuna nini? Sentensi haijaisha. (Mombasa)*

Nimecheka peke yangu jikoni. Sentensi imeisha, ndugu yangu, ila imepitwa na wakati. Kuna ilikuwa fedha ya Kroatia tangu 1994, na jina ni la mnyama mdogo mwenye umbo la kukaribiana na nguchiro, ambaye zamani watu walilipia kodi kwa ngozi yake. Tarehe 1 Januari 2023 euro ikachukua nafasi. Rekebisha Zadar, halafu pitia na ile miji mingine, maana aliyeiandika alinakili mstari huohuo kila mahali. Mnyama mwenyewe bado yupo, wamemchora kwenye sarafu yao ya euro 1.