Kurasa tatu za baba, shahidi hata mmoja

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe: "Dada, mimi nina miaka 36, wosia wa nini? Si ni kujiitia kifo?" Nikacheka. Halafu nikaenda kabatini kulitoa lile daftari la marehemu baba.

Ni daftari la mistari, la shule, jedwali la kuzidisha liko nyuma ya jalada. Baba alijaza kurasa tatu kwa kalamu ya bluu. Nyumba ya Mbagala isiuzwe. Kodi ya vyumba vinne vya uani iwalipie ada wadogo zangu. "Cherehani ni ya mama yenu, asiulizwe na mtu." Hata deni la mifuko sita ya saruji aliandika, na jina la fundi anayetudai. Mwandiko wa mwalimu, umenyooka. Mashahidi ndio hawakuwepo.

Mirathi ikafunguliwa mahakama ya mwanzo, kwa sheria ya mila, maana sisi watu wa Songea. Baba mdogo akasimama: "Hili ni daftari, siyo wosia." Inaniuma mpaka leo kwamba alikuwa sahihi. Kwa sheria ya mila, anayejua kusoma na kuandika anatakiwa awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, wanne, wawili wa huku na wawili wa kule. Daftari likawekwa pembeni, na kikao cha ukoo kikampendekeza yeye huyohuyo awe msimamizi wa mirathi.

Miaka minne iliyofuata siielezi, mtachoka kama nilivyochoka mimi. Nyumba iliuzwa. Mama kapanga chumba kimoja Chamazi, cherehani kaiweka mlangoni anapopata mwanga. Ndicho kitu pekee kilichomfikia kama baba alivyoandika, kwa sababu hakuna aliyekitaka. Baba mdogo, kama unasoma hapa, nimekusamehe. Nakaribia.

Sasa wosia wangu. Mwezi uliopita nimeumaliza, na najisifu. Nilikwenda RITA, ule Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, wao huandika wosia na kuuhifadhi. Nina kiwanja Chanika, fremu mbili za duka na pikipiki moja. Najua na wewe una kako, kama siyo Kigamboni basi Kibaha, na hati ya mauziano umeificha chini ya godoro. Mashahidi wangu ni shangazi na jirani tuliyeishi naye miaka kumi. Wote wawili hawarithi hata kijiko, na niliwachagua kwa sababu hiyo: mrithi asikushuhudie.

Ndugu Waislamu, kwenu hesabu ni nyingine: unausia mwisho theluthi moja, na mrithi halali humuusii mpaka warithi wenzake waridhie. Muone shehe kabla hujashika kalamu.

Jamani, andikeni. Weka tarehe, weka saini, tafuta mashahidi. Nasema tena, mashahidi! Ukinunua kingine au ukizaa mwingine, rudi ubadilishe. Na mtu mmoja unayemwamini ajue karatasi iko wapi. Mnachangishana mamilioni ya harusi, kamati inakaa vikao kumi, lakini kukaa siku moja mkaandika nani atalea watoto hamtaki, eti uchuro. Anayeona uchuro akakae saa moja tu kwenye benchi la kile kituo jumuishi cha mahakama cha mirathi na ndoa pale Temeke, asikilize ndugu wa tumbo moja wanavyoitana.

Jioni ile nilimpigia mama kumwambia nimemaliza. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na mimi cherehani yangu nitaiandikaje?"

Jumamosi tunakwenda. Shahidi wa ukoo tumempata. Wa mtu baki, mama bado anapima, mchungaji au yule dada wa genge anayemkopesha nyanya.